Hesabu ya mwezi kwanza, tikiti ya ndege nyuma



Katika toleo hili tunataka kusema neno juu ya jambo ambalo linasumbua vichwa vya wengi hapa, zaidi ndugu zetu wa darasa la mwisho. Kila mwaka, wakati matokeo ya Examen d'État yanatoka, tunasikia habari ile ile mu kartie: "Mutoto wa fulani anaenda Ulaya! Anaenda kusoma ku Bruxelles!" Wamama wanapiga vigelegele, kanisa linaombea safari, na picha ya valizi mpya inazunguka ndani ya simu zote. Sisi pia tunafurahi. Hatuandiki juu ya kuzuia mtu kusafiri, wala si wivu. Lakini tumeona kwamba katika furaha ile yote kuna swali moja ambalo karibu hakuna mtu analiuliza: Huyu ndugu yetu, kisha kufika, ataishi mwezi mmoja kwa feza ngapi?

Tikiti ya ndege, watu wanaihesabu. Feza ya visa, wanaihesabu. Suti, viatu, chakula cha kuagana, vyote wanahesabu. Kuna jamaa ambazo zinauza hata parseli, ao shamba la babu, juu ya kutimiza jumla ile. Halafu siku ya kuondoka wanamtia mtoto bahasha mkononi, wanamwambia, "Yanayobaki, Mungu atasaidia." Yanayobaki ndiyo miaka mitatu ao mitano ya kula, kulala, kuota moto na kuvaa! Safari ya ndege inaisha kwa siku moja. Kodi ya nyumba inarudi kila mwezi.

Tumepata barua ndefu ya mkubwa wetu mmoja aliyekaa katika interna yetu, na ambaye aliondoka kwenda Bruxelles mwezi wa 9 mwaka 2023. Ametupa ruhusa ya kutumia hesabu zake, lakini si jina lake. Anasema hivi: "Waambieni wadogo wetu ukweli, sababu mimi sikuambiwa." Basi tunawaambia.

Kwanza tuondoe kosa moja. Wazee wetu wengi ambao walisoma Ubelgiji katika miaka ya 1960 na 1970 walienda na bursi. Bursi ile ililipa masomo na chumba, na mwanafunzi alibakiwa na kitu cha mfukoni. Mwaka 1961 ilifunguliwa pale Ixelles, komini moja ya Bruxelles, nyumba iliyoitwa Maison Africaine, juu ya kupokea wanafunzi waliotoka kwetu. Kuzunguka nyumba ile kartie ya Matonge ilizaliwa, na jina lake lilitoka Kinshasa. Kwa hiyo mzee anapotuambia, "Mimi nilifika na valizi moja na sikukosa kitu," hasemi uongo. Lakini anasema habari ya Bruxelles yake. Leo wengi wanaondoka kwa feza ya baba na mama tu. Hesabu ya mtu wa bursi na hesabu ya mtu asiye na bursi hazifanani.

Serikali ya Ubelgiji yenyewe inajua jambo hili, ndiyo maana inauliza ushuhuda wa feza mbele ya kutoa visa ya masomo. Kila mwaka inatangaza kiasi ambacho mwanafunzi anapaswa kuwa nacho kwa mwezi. Kwa mwaka wa masomo 2023-2024 ilikuwa euro 789. Kwa mwaka 2024-2025 ilikuwa euro 803. Yule ambaye hana bursi anaweza kuonyesha mtu anayemchukua mzigo, naye mtu huyo anatia sahihi karatasi inayoitwa annexe 32, ndiyo prise en charge. Mwenye kutia sahihi anajifunga kulipa matunzo, masomo, dawa, na hata gharama za kumrudisha mwanafunzi kwao.

Hapa ndipo ugonjwa unaanzia. Kwetu watu wengi wanafikiri kwamba karatasi ile ni ya visa tu. Wanatafuta sahihi kama vile mtu anavyotafuta tampo. Tumesikia hata juu ya watu wanaouza sahihi yao: unalipa, wanatia jina, kisha hamjuani tena. Jamaa inasema, "Tumeisha kupata garant!" Lakini hakuna anayeuliza, "Huyu garant, tarehe moja ya kila mwezi, ataleta ngapi?" Na mtoto anafika Bruxelles na karatasi nzuri yenye tampo zote, na tumbo tupu.

Mkubwa wetu hakununua sahihi. Garant wake alikuwa rafiki wa kweli wa baba yake, mtu wa kanisa, na aliahidi euro 600 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza alituma 600. Mwezi wa pili alituma 400. Mwezi wa tatu alipiga simu kwa haya, akasema, "Mwanangu, watoto wangu nao wanarudia shule, unisamehe." Hatuwezi kumwita mtu mbaya. Yeye pia hakuwa amefanya hesabu. Aliahidi kwa moyo, na moyo haukuwa na feza.

Sasa tuangalie mwezi wa kwanza, sababu ndio unaoangusha wengi. Mkubwa wetu alifika na euro 1.000 ndani ya bahasha. Alijiona tajiri. Kufikiri vile si ajabu, hapa kwetu mtu anaweza kufanya mengi na feza ile. Alipata chumba cha mwanafunzi (kule wanakiita "kot") kwa euro 470 kwa mwezi, na vyumba vingi alivyoonyeshwa vilikuwa bei ya juu zaidi. Lakini mwenye nyumba hatoi ufunguo kwa kodi ya mwezi mmoja tu. Anauliza pia garanti, ndiyo feza ya amana, ambayo pale Bruxelles inaweza kufika kodi ya miezi miwili. Angalieni hesabu yake ya kuingia:

Garanti, miezi miwili: euro 940.
Kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na maji, umeme na moto: euro 540.
Blanketi, mashuka, sufuria, sahani: euro 120.
Kabuti na viatu vya baridi, vyote vya kuvaliwa: euro 90.
Chakula cha mwezi: euro 190.
Jumla: euro 1.880.

Yeye alikuwa na 1.000. Basi alilala majuma matatu katika sebule ya mtu ambaye walijuana kidogo tu, akingoja baba yake akope huku nyumbani. Ninyi wote munajua mgeni wa siku ya tatu anapewa nini. Mkubwa wetu anasema alikuwa akiamka saa kumi na moja ya asubuhi juu ya kukunja matandiko mbele ya wenye nyumba kuamka, na mchana alikaa maktaba, si kwa kusoma, bali kwa kuwapisha. Na wakati huo masomo yalikuwa yameanza.

Tena kulikuwa jambo la komini. Mwanafunzi mgeni anapaswa kujiandikisha ku komini ndani ya siku 8 za kazi kisha kufika, na polisi wa kartie anakuja kuangalia kama kweli unakaa ku adrese uliyotoa. Asiye na chumba hana adrese. Asiye na adrese, karatasi zake zinachelewa. Na asiye na karatasi ya ukaaji hawezi kufanya kazi ya mwanafunzi kwa haki. Ni kamba moja: ukikosa garanti ya chumba siku ya kwanza, kazi nayo inakwenda mbali.

Juu ya garanti ile, neno moja la kuwalinda. Haipaswi kutolewa mkononi kwa mwenye nyumba. Inawekwa katika konti ya banki iliyofungwa, kwa jina la mwenye kupanga, na inarudi kwake wakati wa kutoka kama hakuharibu kitu. Ndiyo maana siku ya kuingia munaandika pamoja hali ya chumba: ukuta umepasuka hapa, dirisha halifungi vizuri pale. Soma yote, piga picha, ndipo utie sahihi. Mtu akikuambia, "Leta tu feza taslimu, karatasi tutafanya kesho," omba ruhusa na uende zako.

Kisha mwezi wa kwanza, hesabu inatulia. Hii hapa ni ile ya mkubwa wetu kama alivyoiandika katika kaye yake:

Chumba: euro 470.
Maji, umeme na moto wa nyumba: euro 70.
Chakula: euro 190.
Simu na intaneti: euro 20.
Mutuelle na dawa: euro 15.
Kufua nguo ku mashini: euro 20.
Karatasi na fotokopi: euro 20.
Kuweka kwa nguo na viatu: euro 30.
Sadaka na mambo madogo: euro 20.
Jumla: euro 855.

Minervali ya shule kubwa haimo, hiyo inapaswa kuwekwa pembeni mbele ya safari. Anasa haimo. Bia haimo, tunashukuru. Na jumla inapita kiasi ambacho serikali ilitangaza mwaka ule kwa euro 66. Garant aliahidi 600. Hata kama angetimiza neno lake mpaka mwisho, kila mwezi zingekosa euro 255. Jamaa ingejua jambo hili kama ingekaa robo saa na kalamu. Haikukaa.

Tungependa tusimame kidogo juu ya mstari wa pili, ule wa euro 70, sababu sisi watu wa huku hatuufahamu. Hapa tunajua kununua makala. Gunia likiisha, unaona kwa macho limeisha. Kule moto unapita ndani ya bomba za chuma ku ukuta, wanaita shofaje. Unageuza kifungo, chumba kinapata joto, hakuna moshi, hakuna gunia la kuangalia. Ndugu yetu aliona ni kitu cha bure. Mwezi wa 11 na wa 12 aliiacha mchana na usiku, hata akiwa shuleni, na dirisha akalifungua kidogo kwa kupata hewa!

Ile 70 haikuwa bei. Ilikuwa "provision", maana yake feza ya kutangulia. Mwisho wa mwaka mwenye nyumba anasoma mita, anafanya hesabu ya kweli, na mpangaji analipa kilichopungua ao anarudishiwa kilichozidi. Mkubwa wetu alikuwa amelipa 840 kwa mwaka. Hesabu ya kweli ilikuwa 1.090. Barua ilimdai euro 250 kwa mara moja. Kama kontra ingesema "forfait", maana yake kiasi kimoja kilichokatwa, asingedaiwa zaidi. Neno moja tu katika kontra! Ninyi munaosinzia katika somo la Kifaransa, muone vile neno moja linavyoweza kula chakula cha mwezi.

Tena bei za moto haziko na urafiki na mtu. Mwaka 2022, wakati vita vya Ukraine vilipandisha bei ya gazi, kupanda kwa bei katika Ubelgiji kulipita 12 kwa mia mwezi wa 10. Kodi nayo, sheria inaruhusu ipande mara moja kwa mwaka kwa kufuata bei za maisha. Kwa hiyo anayepanga hesabu ya miaka mitatu kwa bei ya mwaka wa kwanza, anajidanganya.

Juu ya chakula tuseme kwa ufupi. Kila mmoja wetu anapenda bukari yake, sombe yake, na ndakala. Vyote vinapatikana Matonge, kwa njia ya Chaussée de Wavre. Lakini vimesafiri kwa ndege ao kwa friji, na ndege hairuki bure. Ndugu yetu alikula juma la kwanza kama vile nyumbani, na feza ya majuma mawili ikaisha. Kisha alijifunza: mchele, viazi, maharagi, kabeji, karoti, mayai, na kupika mwenyewe sufuria moja ya siku mbili. Siku ya Mungu asubuhi kuna soko kubwa karibu na gare du Midi, na mwisho wa juma kuna soko la Abattoirs pale Anderlecht. Wakati soko linakaribia kufungwa, wauzaji wanashusha bei juu ya kutorudi na mboga. Sombe alibakiza kwa Noeli na Pasaka. Wavulana wa interna, tunawaambia ninyi zaidi: yule asiyejua kupika, kule atalipa mtu ampikie. Ingieni jikoni kwa mama zenu wakati wa vakansi. Dada zenu hawatakwenda nanyi ndani ya valizi.

Kuna mambo pia ambayo yanapunguza mzigo, na haki inatudai kuyasema. Mwaka 2021 mji ule uliwawekea vijana wake wasiofika miaka 25 abonema ya metro, tramu na bisi kwa euro 12 kwa mwaka mzima. Bei ile ilikuwa kidogo sana, lakini iliulizwa, haikumfuata mtu nyumbani. Vitu vya kuvaliwa si haya kule: kuna maduka ya Petits Riens, kazi ya rehema ambayo padri Froidure alianzisha mwaka 1937, na kuna soko la vitu vikuukuu kila siku pale place du Jeu de Balle. Mwanafunzi wa shule kubwa anaonea haya kabuti ya mtu mwingine? Baridi haionei haya mtu. Na mutuelle, ingia mapema. Kwa mganga unalipa kwanza, kisha mutuelle inakurudishia sehemu kubwa. Asiye nayo halipwi kitu.

Wengine watatuambia, "Lakini kule kuna kazi! Atafanya kazi, atajilipia." Ndiyo, kazi iko. Lakini sheria inampa mwanafunzi wa inchi zetu saa 20 kwa juma wakati wa masomo, hazipiti pale, isipokuwa wakati wa vakansi. Na kazi haikungoji ku kiwanja cha ndege. Mkubwa wetu aliipata mwezi wa tatu: kuosha vyombo katika restora, siku ya posho na siku ya Mungu, mpaka usiku. Ilijaza lile shimo la 255. Lakini garant alipoacha kutuma, shimo likawa la 855, akaongeza saa kwa siku nyingine. Akawa anasinzia katika somo la kwanza la asubuhi. Mwaka wa kwanza alianguka. Na karatasi ya ukaaji ni ya mwaka mmoja mmoja. Wakati wa kuifanya upya wanaangalia tena feza, na wanaangalia pia kama unaendelea kweli katika masomo. Basi mtu aliyeenda kusoma anafanya kazi ili akae, na kwa sababu ya kazi anashindwa kusoma, na kwa kutosoma anaweza kukosa ruhusa ya kukaa. Muone namna kamba inavyozunguka shingo.

Wakati huo wote, mama yake huku alikuwa na amani. Kwa nini? Sababu alikuwa na picha. Mtoto amesimama Grand-Place, amevaa kabuti nzuri nyeusi. Kabuti ile ilikuwa ya kuazima. Anatuandikia: "Niliogopa kusema. Waliuza parseli juu yangu. Ningewaambia nini?" Maneno haya yalitunyamazisha sisi wote wa kamati tulipoyasoma. Na mama, akiamini picha, aliomba feza ya mabati. Mtoto alikopa, akatuma.

Basi tunatoa maoni yetu, kwa heshima, kwa watu wa namna tatu.

Kwa wazazi wetu. Baba zetu na mama zetu, hatuwafundishi, ninyi ndio munaotufundisha. Lakini tunawaomba: mbele ya kuuza parseli, jamaa ikae chini siku moja, baba wadogo na shangazi wakiwemo, na mtoto asome kwa sauti hesabu ya kuingia na hesabu ya mwezi. Kila mtu aseme mbele ya wote, "Mimi nitaleta kiasi hiki, mpaka tarehe hii." Iandikwe. Hata likelemba ya wamama wa soko ina kaye na majina. Je, maisha ya mtoto yakose kaye? Kama jumla haifiki, safari ingoje mwaka mmoja. Kungoja mwaka mmoja si haya. Na safari ikifanyika, mwaka wa kwanza musimwombe kitu. Musimhesabu kama mti wenye matunda siku ile ile mulipoupanda.

Kwa wakubwa wetu walioko Ulaya. Tunawaheshimu, tunajua munabeba mengi. Lakini picha zenu zinasema nusu ya habari. Tutumieni ile nusu nyingine. Anayeandika, "Kodi yangu ni hii, nimebakiwa na hii," ametusaidia kuliko anayetuma viatu. Na kama munaombwa sahihi ya prise en charge, kataeni kwa upole ikiwa hamuwezi. Hapana ya kweli inauma siku moja. Ndiyo ya uongo inauma kila tarehe moja ya mwezi.

Kwa sisi wenyewe wanafunzi. Hapa ndipo tunajua mutatukasirikia. Angalieni interna yetu. Mwanzo wa trimestre kila mmoja anafika na sukari, sabuni, unga wa muhogo na feza ya mfukoni. Juma la kwanza ni karamu, mikate na maziwa, "Karibu ndugu!" Juma la tatu wamoja wanazunguka kitanda kwa kitanda na kikombe mkononi: "Yaya, nisaidie sukari kidogo." Yule anayeishiwa sabuni hapa, penye kengele ya chakula na ekonomu wa kumpimia unga, ataenda namna gani katika mji ambao hakuna anayemlilia kengele? Hesabu haianzi ku kiwanja cha ndege. Inaanzia ndani ya kofa iliyo chini ya kitanda chako. Tunashauri kila mmoja anunue kaye ndogo, aandike mkono wa kushoto kilichoingia, mkono wa kuume kilichotoka, mpaka mwisho wa trimestre. Na wale wa darasa la mwisho wanaofikiri safari, waandike hesabu yao na wailete kwa mwalimu wa hesabu aiangalie.

Tunajua kuna ndugu watakaosema kwamba kuhesabu hivi ni kukosa imani. Jambo hili lilibishaniwa kwa moto katika kamati yetu. Mmoja wetu alisema, "Waisraeli hawakuhesabu mana." Mwingine akamjibu kwamba hata mana ilipimwa kila asubuhi, na aliyeibakiza mpaka kesho yake akakuta funza. Sisi tumeona kwamba Bwana Yesu mwenyewe amekwisha kukata neno. Katika Luka 14, tangu mstari wa 28, anasema habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anakaa chini kwanza na kuhesabu gharama, kama anazo za kumaliza, asije akaweka msingi tu na watu wakamcheka. Hakusema asijenge. Alisema akae chini kwanza.

Mkubwa wetu bado anakaa Bruxelles. Amerudia mwaka wake wa kwanza, safari hii amefaulu. Anagawana nyumba na Wakongomani wawili, kodi yake imeshuka, na shofaje anaifunga akitoka. Garant wake anatuma euro 150, zile anazoziweza kweli, na zinafika kila mwezi. Anasema 150 za hakika zimemsaidia kuliko 600 za ahadi. Na mwishoni mwa barua anatuomba kitu kimoja: ikiwa mama yake atasoma gazeti hili, tumwambie kwamba yuko muzima, anakula, na kwamba kabuti ya sasa ni yake.

Mama, tumekwisha kukuambia.

Ni sisi wenu katika Kristo,
Kamati ya gazeti la wanafunzi